Gari Kubwa na Matope ya Uasin Gishu

Septemba 1908, katika mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, mfanyabiashara William Durant alianzisha kampuni mpya, akaiita General Motors. Mwezi uliofuata, msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, uliwasili karibu na kilima cha Sergoit katika uwanda wa Uasin Gishu. Walikuwa wamekuja kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa gari la moshi hadi Nakuru, na kutoka Nakuru wakapanda mlima kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakipita misitu na vinamasi ambamo magurudumu yalizama hadi ekseli. Ardhi waliyoijia haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wakalenjin, na kabla yao ya Wamaasai wa Uasin Gishu ambao jina lao limebaki hadi leo. Serikali ya kikoloni iliigawa bila kuwauliza wenyewe.

Durant hakujua Sergoit iko wapi, na waliokuwa wakisukuma magari ya ng'ombe kule Timboroa hawakuwa na habari za Flint. Mimi ni fundi wa magari hapa Eldoret, na nimeishi kwa kutengeneza kile kilichotokana na historia hizo mbili. Kila siku mteja huniletea gari kubwa na kuniuliza kama anunue jingine kubwa zaidi. Swali hilo naliheshimu, kwa sababu lina zaidi ya miaka mia moja katika mji huu. Wanaolijibu haraka, wa kusifu na wa kulaumu, mara nyingi hawajui lilianzia wapi.

Lilianzia kwenye udongo. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua zikianza Machi zinaweza kuendelea hadi Septemba. Sehemu kubwa ya mashamba yetu, kuanzia Moiben hadi Ziwa, ina udongo unaonata. Ukikauka, ni mgumu kama sakafu. Ukilowa, unajaza nafasi zote za tairi hadi gurudumu linazunguka bure. Mji wenyewe ulianza mwaka 1910 kwenye shamba lililopimwa kama nambari 64, na wazee wa Kikalenjin waliigeuza namba hiyo kuwa jina, Sisibo. Reli haikufika hadi 1924. Kwa miaka yote hiyo ngano ilishuka na bidhaa zikapanda kwa ng'ombe. Hata reli ilipofika, kutoka shambani hadi stesheni njia ilikuwa ile ile ya matope.

Hapo ndipo gari la Marekani lilipopata nafasi. Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule yalikuwa mafupi, tumbo karibu na ardhi, kwa kuwa barabara za kwao zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Ford na Chevrolet ziliundwa kwa ajili ya mkulima wa Iowa au Kansas ambaye naye hakuwa na barabara nzuri. Zilikuwa na magurudumu marefu, chesisi ya chuma, na injini ambayo mtu angeweza kuifungua kwa spana chache kando ya njia. Kenya ikapata magari hayo yakiwa na usukani upande wa kulia, maana kampuni hizo zilikuwa na viwanda Kanada, nchi iliyokuwa ndani ya himaya ya Uingereza. Chevrolet zilizoundwa Oshawa, Ontario, ziliuzwa katika baadhi ya makoloni kwa ushuru nafuu kuliko zile zilizotoka Marekani kwenyewe. Msomaji alikumbuke jambo hilo la usukani, kwa sababu ndilo litakaloamua mengi huko mbele.

Mara nyingi gari liliagizwa likiwa chesisi na injini tu. Mafundi wa Kihindi, wengi wao Masingasinga walioijua kazi ya chuma na mbao tangu enzi za reli, walilijengea kisanduku cha mbao nyuma. Wazungu waliyaita magari ya aina hiyo kwa jina la kisanduku hicho. Siku moja yalibeba magunia, siku ya pili watoto wa shule, siku ya tatu wawindaji na mahema yao. Huyo ndiye babu wa gari kubwa la Kenya. Lilijengwa na fundi wa hapa, juu ya chuma cha Marekani, kwa mahitaji ya njia zetu. Huko kwao General Motors walifikia wazo lililo karibu na hilo mwaka 1935, Chevrolet ilipotoa Suburban, gari la viti vya watu wanane juu ya chesisi ya lori dogo.

Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia na Jeep, gari dogo lililoundwa kwa amri ya jeshi la Marekani na kutolewa kwa wingi na viwanda vya Willys na Ford. Jeep ndiyo iliyoifundisha dunia kwamba magurudumu yote manne yanaweza kuvuta, na kwamba gari la namna hiyo linaweza kuwa jepesi. Baada ya vita, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep kuukuu shambani kwake kisiwani Anglesey. Kutokana nayo ikazaliwa Land Rover mwaka 1948. Huko Japani, Toyota walitengeneza gari la aina hiyo mwaka 1951 na mwanzoni wakaliita Jeep. Lilipanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Kwa hiyo Land Cruiser Prado unayoiona imeegeshwa nje ya benki mjini Eldoret ina wazo la Mmarekani ndani ya chuma cha Mjapani. Wenye mashamba walianza na Land Rover. Uhuru ulipofika, vyama vya ushirika na watu binafsi wakanunua mashamba ya walowezi, na waliyoyakuta kwenye mabanda ya matrekta walijifunza kuyaendesha na kuyatengeneza.

Mwaka 1975 General Motors na Serikali ya Kenya zilitia saini mkataba wa kuunda magari hapa nchini. Kiwanda kilijengwa Barabara ya Mombasa, Nairobi, kikaanza kazi mwaka 1977. Jina la mlangoni lilikuwa la Marekani, lakini magari yaliyotoka humo yalikuwa hasa Bedford za Uingereza na Isuzu za Japani. General Motors ilikuwa mwenye Vauxhall tangu 1925, nayo Vauxhall ndiyo iliyozaa Bedford. Mwaka 1971 ilikuwa imenunua asilimia 34.2 ya Isuzu. Kwa hiyo mkulima wa Turbo aliyekuwa akipeleka mahindi kwa lori la Isuzu alikuwa akimnunulia Mmarekani bila kuona alama ya Chevrolet mahali popote.

Nadhani uamuzi huo ndio bora kuliko yote ambayo kampuni hiyo iliwahi kufanya katika nchi hii. Hawakutuletea yale magari mapana ya Detroit yenye injini za silinda nane. Walituletea lori, pikapu aina ya KB na baadaye TFR, na kwa wenye familia au vyeo serikalini, Trooper. Mtu aliyekulia Bonde la Ufa miaka ya 1980 na 1990 anaijua Trooper: ndefu kwenda juu, vioo vipana, mlango wa nyuma umegawanyika sehemu mbili zisizolingana, tairi la akiba limefungwa juu ya ile sehemu kubwa.

Gari la namna hiyo lilitaka dereva anayelijua. Kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele palikuwa na kifundo cha kuzungusha kwa mkono. Ukifika kwenye matope ulishuka, ukapangusa udongo kwa kidole ili uione alama, ukazungusha kifundo hadi kikalia, ukaenda upande wa pili ukafanya vivyo hivyo, kisha ukarudi ndani kuvuta wenzo mdogo ulio kando ya gia. Ukisahau upande mmoja, ekseli ya mbele haikusaidii kitu. Ukisahau kuvifungua ukirudi kwenye lami, unaharibu mafuta na kuchosha gia. Vijana wanaoendesha magari ya kubonyeza kitufe hawajui kazi hiyo. Iliwafundisha baba zao kwamba nguvu ya magurudumu manne ina wakati wake.

Aliyenifundisha ufundi alikuwa mzee wa Kisingasinga aliyekuwa na gereji hapa mjini. Alikuwa mkali na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akija kujisifia gari jipya, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Usiniambie lina nguvu gani. Niambie spea zake ziko duka gani." Nilikuwa kijana na niliona anawakatisha watu tamaa. Leo naona alikuwa amefupisha historia yote ya gari katika mji huu kwa sentensi mbili.

Miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya uagizaji, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia tayari. Baadaye ikawekwa sheria kwamba gari lililozidi miaka minane lisiingizwe. Prado ikafika, kwanza ile ya 1996, kisha ya 2002, kisha ya 2009, kila moja ikishuka bei baada ya kutumiwa huko kwao. Wakati huo huo wanariadha wa Kaptagat, Iten na Moiben walikuwa wakirudi na fedha za mbio za Boston, London na Berlin. Wengi wao waliziweka kwenye mashamba na majengo, na majengo hayo ndiyo yaliyobadilisha sura ya Eldoret hadi ikatangazwa jiji Agosti 2024. Wakishajenga, walinunua gari kubwa, na sioni kwa nini walaumiwe.

Wenye magari haya nimewasikiliza kwa muda mrefu wakiwa wamesimama kando ya gari lililoinuliwa kwa jeki, na hapo mtu husema ukweli. Maoni yao hayafanani.

Mkulima wa ngano kutoka Moiben aliniambia, "Fundi, mimi sinunui gari ya kutembea. Nanunua gari ya kufika." Shamba lake liko mbali na lami. Wakati wa kuvuna, kombaini ikikatika mkanda, ngano iko wima na mawingu yanakuja, lazima aende mjini na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa mtu huyo Land Cruiser kuukuu yenye springi za majani ni chombo cha kazi sawa na trekta lake.

Mama mmoja mwenye duka la jumla, ambaye huteremka kila wiki kwenda Bonde la Kerio kupitia Tambach, alitoa sababu nyingine. Anataka kukaa juu ili auone ukingo wa barabara wakati wa ukungu, na anataka gari lenye breki zinazostahimili mteremko mrefu. Hakuzungumza hata mara moja juu ya watu watakavyomtazama. Mwalimu wa shule ya upili aliyekuja na Prado ya injini ya petroli ya lita 2.7 aliongea kwa uchungu. Alichukua mkopo wa chama kuinunua, naye anaishi mjini, kazini anakwenda kwa lami. "Nikiijaza tangi, mtoto anakosa kitu," alisema. Oktoba 2023, lita moja ya petroli ilipofika shilingi 217.36 jijini Nairobi, wengi wa namna yake waliziacha Prado zao nyumbani wakapanda matatu.

Kuna pia kundi la nne, na nitalisema waziwazi kwa sababu mimi ni mmoja wa watu wa hapa. Ni wale wanaonunua kwa sababu katika harambee, mazishi na mikutano ya siasa mwenye gari kubwa hupewa kiti cha mbele. Katika nchi yetu gari kubwa limekuwa alama ya mamlaka. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alisoma bajeti iliyotaka mawaziri na maafisa wakuu wayaache magari yenye injini kubwa na kupewa yasiyozidi cc 1,800, na serikali ikanunua Volkswagen Passat. Mpango ulikuwa wa busara, kwani barabara za Nairobi hazina matope ya Moiben. Wakubwa wengine waliupinga, na baada ya muda misafara ya magari makubwa ikarudi kama kawaida. Tulichoshindwa nacho hapo si barabara, ni fahari.

Mwezi ule ule wa Juni 2009, General Motors ilifilisika. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini gari kubwa ni moja yazo. Tangu 1964 Marekani ilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo na pikapu kutoka nje, na sheria ya mafuta ya 1975 ikayalegezea masharti magari ya jamii ya lori kuliko yale ya kawaida. Kampuni za Detroit zikaona kwamba faida iko kwenye gari kubwa lililojengwa juu ya chesisi ya lori, na zikazama humo: Suburban, Tahoe, Hummer. Petroli ilipopanda sana mwaka 2008 na mikopo kukauka, wanunuzi walikimbia. Serikali ya Marekani iliiokoa General Motors kwa takriban dola bilioni 50.

Hummer inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 2006 aina ya H3 ilianza kuundwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, ikiwa na usukani wa kulia, na kwa mara ya kwanza gari hilo likaweza kusajiliwa katika nchi kama Kenya. Waliokuwa na uwezo walilitamani. Mwaka 2010 jina hilo likafungwa. Aliyenunua Hummer alibaki na gari ambalo kiwanda chake kimeacha kulitengeneza, na spea za kuagizwa moja moja kutoka ng'ambo. Suburban na Tahoe zenyewe hazikuwahi kuwa chaguo la mtu wa kawaida hapa, maana sheria yetu hairuhusu kusajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa kwa shughuli maalumu. Taifa lililotuuzia Chevrolet za usukani wa kulia kupitia Kanada zamani zile, safari hii lilitengeneza magari yake makubwa zaidi bila kutufikiria.

Mwisho ulikuja kimyakimya. Mwaka 2006 General Motors ilikuwa imeuza hisa za mwisho ilizokuwa nazo katika Isuzu ya Japani. Mwaka 2017 ikaiuzia Isuzu asilimia 57.7 iliyokuwa nayo katika kiwanda cha Nairobi, na kiwanda kikaitwa Isuzu East Africa. Mwaka huo huo ikaondoka Afrika Kusini, na mwaka 2020 ikatangaza kuifunga Holden ya Australia na kuachana, kwa sehemu kubwa, na utengenezaji wa magari ya usukani wa kulia. Ilikuwa imefanya kazi Kenya kwa takriban miaka 40. Hapa Eldoret hakuna aliyesimamisha shughuli zake siku ilipoondoka. Malori yaliendelea kupakia mahindi, matatu za Isuzu ziliendelea kushuka Nakuru, na hata mwanariadha Eliud Kipchoge, aliyefanya mazoezi yake Kaptagat, akawa balozi wa pikapu za Isuzu.

Hukumu yangu kama fundi ni hii. General Motors ilifaulu Kenya ilipotuuzia gari la kazi lililoundwa Nairobi, lenye usukani wetu, lenye spea kwenye duka la karibu na fundi anayelijua. Haikuwahi kufaulu hapa kwa gari la fahari. Toyota na Isuzu hazikuishinda kwa ukubwa wala kwa nguvu za injini. Ziliishinda kwa kubaki.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na fedha na unataka gari kubwa, usimwombe radhi mtu yeyote, lakini kwanza jibu maswali matatu kwa uaminifu. Ni siku ngapi katika mwaka utakuwa nje ya lami? Spea zake ziko duka gani hapa Eldoret, na bei yake ni ipi? Na ukilijaza mafuta, nani nyumbani atakosa kitu? Anayelima Moiben au anayeteremka Tambach atapata majibu mazuri, na namtakia safari njema. Anayeishi Kapsoya na kufanya kazi katikati ya mji anunue gari dogo, abaki na fedha za kusomesha watoto.

Na kwa wanaopanga elimu ya ufundi katika kaunti hii, hasa walio karibu na The Eldoret National Polytechnic, nawaomba jambo moja. Wafundisheni vijana kutengeneza chesisi, difu na gia za magari yanayotumika hapa, pamoja na umeme wa yale yanayokuja. Kampuni za nje zitakuja na zitaondoka, lakini gari wanalotuachia linabaki mikononi mwa fundi wa hapa.